Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (19 Agosti 1923 – 18 Aprili 2003), aliyejulikana zaidi kama Ted Codd, alikuwa mwanahisabati na mwanasayansi wa kompyuta mzaliwa wa Uingereza aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake nchini Marekani katika kampuni ya IBM. Anajulikana hasa kwa kubuni modeli ya kimahusiano ya hifadhidata, yaani namna ya kutunza taarifa katika majedwali bila mtumiaji kulazimika kujua zimewekwa wapi ndani ya mashine. Mifumo mingi ya benki, hospitali, kampuni za simu na ofisi za serikali duniani, Tanzania ikiwemo, imejengwa juu ya wazo hilo. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni tuzo ya juu kabisa katika fani ya kompyuta.

Maisha ya awali

Codd alizaliwa kwenye kisiwa cha Portland katika wilaya ya Dorset, kusini mwa Uingereza, akiwa mtoto wa mwisho kati ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi na mama yake alikuwa mwalimu. Baada ya shule ya sekondari mjini Poole alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alianza na kemia.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikatiza masomo yake. Kuanzia mwaka 1942 hadi 1946 alitumikia Jeshi la Anga la Uingereza akiwa rubani wa ndege aina ya Sunderland, ndege kubwa za doria zilizotua juu ya maji. Sehemu ya mafunzo yake ilifanyika Marekani, na nchi hiyo ilimvutia. Vita ilipokwisha alirudi Oxford, akaacha kemia na kuhitimu katika hisabati mwaka 1948.

Mwaka huohuo alihamia New York. Kwa muda mfupi alikuwa muuzaji wa nguo za michezo za wanaume katika duka la Macy's, kisha akafundisha hisabati kwa miezi michache katika Chuo Kikuu cha Tennessee. Mwaka 1949 aliajiriwa na IBM kuandika programu za kompyuta ya SSEC, mashine iliyojaza ukumbi mzima.

Mwaka 1953 aliondoka Marekani kwa kuchukizwa na msako wa kisiasa ulioongozwa na Seneta Joseph McCarthy dhidi ya watu walioshukiwa kuwa wakomunisti. Alifanya kazi Ottawa, Kanada, hadi mwaka 1957 aliporudi IBM. Huko alishiriki katika kompyuta iliyoitwa Stretch, akiongoza kazi ya kuiwezesha mashine moja kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja. Baadaye alichukua uraia wa Marekani.

Mwaka 1961 IBM ilimlipia masomo katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1965 kwa utafiti juu ya mashine za kinadharia zinazoweza kujizalisha zenyewe. John von Neumann alikuwa ameonyesha kwamba mashine ya namna hiyo inawezekana kwa kutumia seli zenye hali 29. Codd alionyesha kwamba hali 8 zinatosha. Mwaka huohuo wa 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500.

Tatizo la njia

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Codd alihamia maabara ya utafiti ya IBM mjini San Jose, California. Wakati huo bidhaa kuu ya IBM ya kutunza taarifa ilikuwa IMS, iliyotokana na kazi ya kuorodhesha vipuri vya vyombo vya anga vya mradi wa Apollo. IMS ilipanga taarifa kama mti: shina, matawi, kisha matawi madogo.

Mpango huo unaeleweka kwa urahisi kwa mtu anayejua utawala wa Tanzania. Juu kuna mkoa, chini yake wilaya, chini ya wilaya kata, kisha vijiji na kaya. Programu iliyotaka kaya za Ngerengere katika mfumo wa aina hii ingeanzia Mkoa wa Morogoro, ishuke hadi Wilaya ya Morogoro Vijijini, ipite kata moja baada ya nyingine mpaka ifike Ngerengere. Njia hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya programu yenyewe.

Shida ilikuja pale mti ulipobadilika. Mvomero ilikuwa sehemu ya Morogoro Vijijini kabla ya kufanywa wilaya, na Mzumbe ni mojawapo ya kata zilizokwenda nayo. Programu iliyoijua njia ya zamani ingeitafuta Mzumbe chini ya Morogoro Vijijini na isiipate, ingawa hakuna mwananchi aliyehama wala nyumba iliyobomolewa. Ingebidi programu zote za namna hiyo ziandikwe upya. Aidha, swali lisilofuata mti lilikuwa ghali. Mtu akitaka kujua kata zote nchini zenye kituo cha reli, kama Ngerengere yenye kituo cha Reli ya Kati na sasa pia cha SGR, ilibidi mti wote utembelewe tawi kwa tawi, na mwandishi wa programu aandike safari hiyo hatua kwa hatua.

Codd aliona kwamba kosa halikuwa la waandishi wa programu. Walilazimishwa kujua jambo ambalo halikuwa kazi yao: mahali taarifa zilipolala.

Modeli ya kimahusiano

Alitoa jibu lake kwanza katika ripoti ya ndani ya IBM mwaka 1969, kisha katika makala iliyochapishwa Juni 1970 kwenye jarida la Communications of the ACM. Makala hiyo ni fupi, na msingi wake ni nadharia ya seti ambayo mwanafunzi wa hisabati anaifahamu. Taarifa zote ziwekwe katika majedwali. Kila mstari ni ukweli mmoja kuhusu kitu kimoja, na kila safuwima ina aina moja ya taarifa. Majedwali huunganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake, si kwa njia za siri ndani ya mashine. Mtumiaji anasema anataka nini. Mfumo wenyewe unatafuta namna ya kukipata.

Katika jedwali la kata, Ngerengere ni mstari mmoja na wilaya yake ni thamani katika safuwima ya wilaya. Kuihamishia Mzumbe katika Wilaya ya Mvomero ni kubadili thamani moja tu, na programu haziguswi. Lakini jina peke yake halitoshi kutambulisha mstari, kwa kuwa Ngerengere ni jina la kata, la kituo cha reli na pia la mto unaotoka milima ya Uluguru. Kwa hiyo kila jedwali linahitaji ufunguo wa msingi, yaani thamani ambayo haiwezi kurudiwa katika mstari mwingine.

Katika miaka iliyofuata Codd alieleza kanuni za kupanga majedwali ili ukweli mmoja uandikwe mahali pamoja tu. Mojawapo, aliyoishughulikia pamoja na Raymond Boyce, bado hufundishwa vyuoni kwa majina yao wawili.

Upinzani na mafanikio

IBM haikulipokea wazo hilo kwa shangwe. IMS ilikuwa inaingiza fedha, na wateja walikuwa wamewekeza sana ndani yake. Mwaka 1974, katika mkutano uliofanyika Ann Arbor, Codd alijadiliana hadharani na Charles Bachman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Turing mwaka uliotangulia kwa kazi yake ya hifadhidata. Bachman alitetea mifumo ambamo mwandishi wa programu ni kama nahodha anayesafiri kutoka taarifa moja hadi nyingine. Kwa Codd, unahodha huo ndio uliokuwa mzigo. Mwaka huohuo wa 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, hivyo mjadala ulipopamba moto nchi ilikuwa imeufungia mlango.

Hatimaye IBM ilianzisha mradi wa majaribio ulioitwa System R. Donald Chamberlin na Boyce walibuni lugha ambayo baadaye iliitwa SQL. Codd mwenyewe alikuwa amebuni lugha nyingine, Alpha, iliyokuwa karibu zaidi na hisabati, lakini haikutumika. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walitengeneza mfumo wa Ingres kwa kufuata makala zake. Kampuni changa ya Larry Ellison, ambayo sasa inaitwa Oracle, ilianza kuuza hifadhidata ya SQL mwaka 1979. IBM, mwajiri wa mbunifu mwenyewe, ilitoa bidhaa yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1981 na DB2 mwaka 1983. Ni vigumu kutoona kinaya katika mpangilio huo wa tarehe.

Kanuni kumi na mbili

Katikati ya miaka ya 1980 karibu kila muuzaji alidai bidhaa yake ni ya kimahusiano, hata pale ilipokuwa mfumo wa zamani uliopakwa rangi mpya. Mwaka 1985 Codd alichapisha katika gazeti la Computerworld kanuni za kupima madai hayo. Zinaitwa kanuni kumi na mbili, ingawa kwa hakika ni kumi na tatu kwa sababu hesabu inaanzia sifuri.

Tatu kati yake zina uzito wa pekee kwa mafundi wa leo. Kanuni ya nne inataka maelezo ya hifadhidata yenyewe, kama vile majina ya majedwali na safuwima, yatunzwe katika majedwali na yaulizwe kwa lugha ileile. Kanuni ya nane inataka programu zisiathirike namna taarifa zinavyohifadhiwa inapobadilishwa. Kanuni ya kumi na moja inataka zisiathirike hata taarifa zikisambazwa katika mashine kadhaa. Hakuna bidhaa kubwa ya sokoni inayotimiza kanuni zote kikamilifu.

Majedwali yaliyogawanywa

Pengo kati ya kanuni na bidhaa linaonekana wazi zaidi katika kugawa majedwali vipande. Jedwali likifikia mamia ya mamilioni ya mistari, mfumo huligawa ndani kwa ndani: kwa tarehe, kwa orodha ya thamani kama majina ya wilaya, au kwa hesabu inayotawanya mistari. Oracle iliingiza uwezo huu katika toleo la 8 mwaka 1997, MySQL katika toleo la 5.1 mwaka 2008, na PostgreSQL ikauweka rasmi katika lugha yake kwenye toleo la 10 mwaka 2017. Kwa nje jedwali linabaki moja, kama kanuni ya nane inavyotaka. Codd hakupinga kugawa. Alipinga mtumiaji kulazimishwa kujua kwamba jedwali limegawanywa. Na hilo ndilo hutokea kipande kinapokosekana.

Tuseme kuna jedwali la tiketi za treni lililogawanywa kwa miezi, na kipande cha mwisho kinaishia 31 Desemba. Tiketi ya kwanza ya Januari inayokatwa Ngerengere itakataliwa. Tiketi haina kasoro, nauli ni sahihi, abiria yupo dirishani. Kinachokosekana ni mahali pa kuiweka. Oracle hutoa kosa namba ORA-14400, na MySQL hutoa namba 1526. Mara nyingi programu ya dirishani huficha ujumbe huo na kumwonyesha karani kwamba mfumo umeshindwa kuhifadhi, bila neno zaidi. Fundi anayeanza kukagua mtandao au kuwasha mashine upya hupoteza saa nyingi.

Dawa ya kawaida ni kuandaa vipande mapema. Oracle, kuanzia toleo la 11g, inaweza kuviunda yenyewe. PostgreSQL, kuanzia toleo la 11, inaruhusu kipande cha akiba kinachopokea kila mstari usio na mahali. Kipande hicho kina mtego wake: kikishapokea tiketi za Januari, jaribio la kuunda kipande cha Januari hukataliwa, kwa sababu mistari inayostahili kuwa humo tayari iko kwingine. Ni lazima ihamishwe kwanza.

Ugawaji kwa orodha hurudisha kisa cha Mzumbe karibu neno kwa neno. Wilaya ya Gairo iliundwa mwaka 2012 kutokana na Wilaya ya Kilosa. Jedwali lililogawanywa kwa majina ya wilaya kabla ya hapo lisingekuwa na kipande cha Gairo, na kila mstari mpya wa Gairo ungekataliwa. Kubadili mistari ya zamani kutoka Kilosa kwenda Gairo nako si jambo dogo tena, maana mstari unapaswa kuhama kimwili kutoka kipande hadi kipande. Oracle hukataa kwa kosa ORA-14402 mpaka msimamizi aruhusu mistari kuhama. PostgreSQL 10 ilikataa pia; toleo la 11 huihamisha lenyewe. Katika modeli ya Codd hilo lilikuwa badiliko la thamani moja.

Kosa jingine huja baada ya matengenezo. Katika Oracle, kipande kikihamishwa au kugawanywa, faharasa ambazo mfumo hutumia kutafutia mistari zinaweza kubaki zikielekeza mahali ambapo mistari haipo tena. Mfumo huzitangaza kuwa hazifai, na programu hupata kosa ORA-01502 hadi zijengwe upya. Kwa kawaida matengenezo hufanywa usiku na malalamiko huanza asubuhi, hivyo watu wawili tofauti hushughulikia chanzo na tokeo.

Lililo zito zaidi halitoi ujumbe wowote wakati wa kazi. Katika MySQL na PostgreSQL, ufunguo wa msingi wa jedwali lililogawanywa ni lazima uwe na safuwima iliyotumika kugawia. Jedwali la tiketi likigawanywa kwa tarehe, ufunguo unakuwa namba ya tiketi pamoja na tarehe. Matokeo yake ni kwamba namba moja ya tiketi inaweza kuonekana mara mbili katika tarehe mbili, na hifadhidata isione ubaya. Hapa ugawaji haujavuja tu kwa nje; umebadili maana ya utambulisho, ambao kwa Codd ulikuwa msingi wa yote.

Katika kutafuta chanzo cha makosa haya, chombo bora cha fundi kinatokana na kanuni ya nne. Oracle ina jedwali la ndani liitwalo USER_TAB_PARTITIONS, MySQL ina INFORMATION_SCHEMA.PARTITIONS, na PostgreSQL hutunza habari hizo katika pg_class na pg_inherits. Fundi husoma kwanza ujumbe wa hifadhidata yenyewe, si ule wa programu ya juu yake. Kisha huchukua mstari uliokataliwa, hutazama thamani ya safuwima ya ugawaji, na kuilinganisha na mipaka iliyoandikwa katika majedwali hayo ya ndani. Kwa tarehe, saa za eneo huangaliwa pia. Tiketi iliyokatwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia 1 Januari kwa saa za Afrika Mashariki ni ya saa tatu na nusu usiku ya 31 Desemba kwa saa ya UTC. Mfumo unaotunza UTC utaiweka Desemba, na hesabu za mwezi hazitalingana na za kituoni.

Wako wanaosema kwamba uhuru kamili alioutaka Codd ungepunguza kasi ya mifumo mikubwa mno, na kwamba kumshirikisha msimamizi katika ugawaji ni bei inayokubalika. Wafuasi wake hujibu kwamba kasi ni kazi ya mtengenezaji wa mfumo, na kwamba bei hiyo hulipwa na mtu asiyehusika.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1983 Codd aliumia vibaya kwa kuanguka, na mwaka uliofuata aliondoka IBM. Pamoja na Chris Date, mwandishi aliyefanya kazi kubwa ya kueleza modeli hiyo kwa umma, alianzisha kampuni ya ushauri. Sharon Weinberg, aliyekuja kuwa mke wake wa pili, alishiriki pia katika kazi hiyo. Kwa ndoa ya kwanza Codd alikuwa na watoto wanne.

Mwaka 1990 alitoa kitabu kilichoongeza kanuni zake hadi kufikia mamia. Hata wafuasi wake wengi waliona zimezidi. Mwaka 1993 alichapisha waraka kuhusu mifumo ya uchambuzi wa takwimu za biashara, na ikaja kujulikana kwamba kazi hiyo ilidhaminiwa na kampuni ya Arbor Software iliyokuwa ikiuza bidhaa ya aina hiyohiyo. Computerworld, gazeti lililochapisha kanuni zake miaka minane kabla, liliiondoa makala yake kuhusu suala hilo. Kwa mtu aliyejipatia heshima kwa kuwapima wauzaji, lilikuwa doa.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 18 Aprili 2003 nyumbani kwake huko Aventura, Florida, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka 2004 tuzo ya ubunifu ambayo chama cha kimataifa cha watafiti wa hifadhidata, SIGMOD, hutoa kila mwaka ilipewa jina lake.